Kabla mtoto hajabonyeza "kubali zote" kwenye simu yako

Fungua tovuti ya gazeti la Ujerumani, ya klabu ya mpira ya Hispania au ya duka la nguo la Ufaransa. Kabla hujasoma mstari wa kwanza, kisanduku kinapanda kutoka chini na kufunika nusu ya skrini. Kina maneno mengi madogo na kitufe kimoja kikubwa chenye rangi ya kuvutia: "Accept all", yaani kubali zote. Mzazi aliyeshika simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili hana muda wa kusoma. Anabonyeza, kisanduku kinaondoka, anaendelea na shughuli zake.

Mtoto ndiye mwepesi zaidi. Akipewa simu atafute picha ya simba kwa kazi ya shule, au aangalie matokeo ya mechi, kidole chake kinajua kitufe kilipo kabla macho hayajafika. Hajui amekubali nini. Na kwa kuwa simu ni ya mama au ya baba, amewajibia wote wanaoitumia.

Wazazi wengi wanadhani kisanduku hicho ni kero tu, kama tangazo linalojitokeza katikati ya video. Ukweli ni kwamba ni swali la kisheria. Huko lilikotoka, Ulaya, sheria inasema jibu la "hapana" lina haki sawa na jibu la "ndiyo", na kampuni kubwa zimetozwa mamilioni ya euro kwa kulificha.

Kinachoachwa ndani ya simu

Vitu vinavyoulizwa kwenye kisanduku hicho Waingereza wanaviita "cookies", neno lilelile la biskuti. Kwenye simu zilizowekwa lugha ya Kiswahili utaona vimeandikwa "vidakuzi". Wengine wanasema kuki. Kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inakiacha ndani ya kivinjari chako, yaani ile programu unayofungulia tovuti, iwe Chrome, Safari au nyingine. Ukirudi kesho, kivinjari kinampelekea mwenye tovuti kipande hicho, naye anatambua kuwa ni simu ileile ya jana.

Aliyebuni jambo hili ni Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, mwaka 1994. Wakati huo tovuti hazikuwa na kumbukumbu. Ukiweka bidhaa kwenye kapu kisha ukafungua ukurasa wa pili, tovuti ilikuwa haikujui tena. Kidakuzi kilifanya kazi ya ile namba unayopewa mlangoni mwa supamaketi ukiacha begi: namba haina jina lako, lakini anayeipokea anajua begi ni lipi.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Bila vidakuzi vya aina hiyo usingeweza kuingia kwenye barua pepe yako wala kununua tiketi mtandaoni. Shida ilianza pale namba ya mlangoni ilipoanza kutambuliwa na watu wasio na duka.

Ukurasa unaoufungua si mali ya mwenye tovuti peke yake. Ndani yake kuna vipande vya kampuni za matangazo, za takwimu, za mitandao ya kijamii, na kila kimoja kinaweza kuacha kidakuzi chake. Kampuni ileile ya matangazo ina kipande kwenye tovuti ya gazeti, kwenye ya mapishi, kwenye ya malezi na kwenye ya afya. Kwa hiyo inaiona simu yako ikipita kote huko, na inaandika.

Fikiria mama ambaye mtoto ana homa usiku wa manane. Anasoma kuhusu degedege. Wiki iliyofuata anasoma kuhusu mtoto anayechelewa kuongea. Baadaye anatafuta habari za uzazi wa mpango, kisha za msongo wa mawazo. Hajamwambia jirani wala shemeji. Lakini vidakuzi vikikubaliwa njia nzima, kuna kampuni asiyoijua jina inayoweza kuziunganisha tovuti hizo nne kuwa simulizi moja ya nyumba yake. Na hili si la kufikirika. Mwaka 2019 shirika la Privacy International la London lilikagua zaidi ya kurasa 100 maarufu kuhusu sonona nchini Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, likakuta nyingi mno zina vipande vya kampuni za nje, yakiwemo makampuni ya matangazo.

Ulaya ilivyofika kwenye kisanduku

Umoja wa Ulaya ulianza kuligusa jambo hili mwaka 2002 kwa agizo kuhusu faragha katika mawasiliano ya kielektroniki. Mwanzoni ilitosha mtumiaji aambiwe na apewe nafasi ya kukataa. Mwaka 2009 agizo likarekebishwa: ridhaa itangulie, kidakuzi kifuate. Kisha tarehe 25 Mei 2018 ikaanza kutumika sheria kubwa ya ulinzi wa data, inayojulikana kwa kifupi GDPR, ikaeleza ridhaa ni kitu gani. Lazima itolewe kwa hiari, iwe ya jambo mahususi, mtu awe ameelezwa, na aoneshe kwa tendo la wazi kwamba amekubali. Kunyamaza si ridhaa. Na kuiondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi, hata Ulaya kwenyewe, hawalijui. Sheria haikuagiza kisanduku. Iliagiza kuuliza kabla ya kuweka vidakuzi visivyo vya lazima. Tovuti isiyotaka kumfuatilia mtu haihitaji kumsumbua kwa kisanduku chochote. Kwa hiyo ukikutana na kisanduku chenye orodha ya "washirika" mia kadhaa, usiilaumu sheria. Mwenye tovuti ndiye aliyechagua kuwa na washirika mia kadhaa.

Kesi iliyoweka msimamo ilihusu kampuni ya Ujerumani iitwayo Planet49, iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni mwaka 2013. Aliyetaka kushiriki alikuta kisanduku cha vidakuzi kimeshawekewa alama ya vema. Asiyetaka ilibidi aifute mwenyewe. Muungano wa vyama vya kutetea walaji nchini humo ukaenda mahakamani, na tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, ikaamua kwamba alama uliyowekewa na mtu mwingine si ridhaa yako. Mahakama iliongeza kwamba mtumiaji ana haki ya kuambiwa kidakuzi kitakaa muda gani na kama kuna watu wengine watakaokifikia.

Kampuni hazikukata tamaa. Alama ya vema ilipokatazwa, mchezo ukahamia kwenye vitufe. "Kubali" kikawa kikubwa cha kijani, na "kataa" kikazikwa ndani ya mipangilio, hatua tatu au nne mbele. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na euro milioni 60 kwa Facebook kwa sababu hiyohiyo: kukubali kulihitaji kubonyeza mara moja, kukataa mara kadhaa. Miezi michache baadaye Google ikaanza kuweka kitufe cha kukataa zote kwa watumiaji wa Ulaya. Septemba 2025 CNIL ikarudi tena, safari hii na euro milioni 325 kwa Google na milioni 150 kwa Shein, duka la nguo ambalo kina mama wengi wa huku wanalijua vizuri.

Wewe uliyeko Tabora, Mombasa au Bukavu unahusikaje? Zaidi ya unavyodhani. GDPR inaifunga kampuni au taasisi iliyoko ndani ya Umoja wa Ulaya bila kujali uraia wa msomaji wala anakoishi. Ukisoma habari kwenye tovuti ya Deutsche Welle, yenye makao yake makuu Bonn, haki yako ni ileile ya msomaji wa Berlin. Kampuni ya nje ya Ulaya ni suala tofauti: nyingi huangalia uko nchi gani, zikamwonesha kisanduku msomaji wa Paris na wewe zisikuulize kitu. Kutokuulizwa hakumaanishi hufuatiliwi.

Ridhaa ya mtoto

Sheria ya Ulaya imeweka miaka 16 kuwa umri ambao mtoto anaweza kuridhia mwenyewe data zake zitumiwe na huduma za mtandaoni. Chini ya hapo, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia. Nchi zimeruhusiwa kushusha umri huo, ila si chini ya miaka 13. Ujerumani imebaki na 16, Ufaransa imechukua 15, Hispania 14, Sweden 13. Uingereza, ambayo imetoka kwenye Umoja lakini ikabaki na sheria inayofanana na hiyo, inatumia 13. Mzazi Mswahili anayelea Ulaya, na tunajua mpo mnaosoma ukurasa huu kutoka Leicester na Hamburg, aangalie umri wa nchi aliyopo.

Sasa rudi kwenye kisanduku. Umewahi kukiona kikiuliza umri? Mara nyingi hakiulizi. Mtoto wa miaka saba anayebonyeza kitufe cha kijani ili afike kwenye katuni hajatoa ridhaa inayotambulika kisheria, lakini mashine imeandika "amekubali". Hapo ndipo sheria nzuri inapoishia na kazi ya mzazi inapoanza, kwa sababu hakuna mkaguzi wa Paris au Dublin atakayekuja sebuleni kwako kutofautisha kidole cha mtoto na chako.

Wakaguzi hao wamejitahidi kwa upande wao. Septemba 2023 mamlaka ya Ireland iliitoza TikTok faini ya euro milioni 345, mojawapo ya makosa yakiwa kwamba akaunti za watoto zilianza zikiwa wazi kwa kila mtu. Na tangu Februari 17, 2024 majukwaa ya mtandaoni yamekatazwa kuwaonesha watoto walioko Umoja wa Ulaya matangazo yanayolengwa kwa kuchambua data zao. Mtoto aliyeko Mwanza hana kinga hiyo ya pili.

Namna ya kujibu

Kwanza, usikimbilie kitufe chenye rangi. Tafuta maneno "Reject all", yaani kataa zote, au "Only necessary", za lazima tu. Kwenye tovuti za Ujerumani ni "Alle ablehnen", za Hispania "Rechazar todo". Wafaransa wana mtindo wao: maneno "Continuer sans accepter", endelea bila kukubali, yamewekwa juu kulia kwa herufi ndogo, mahali ambapo jicho huzoea kutafuta alama ya kufungia. Ukishayajua utayaona kila mara.

Ukikataa, tovuti itaendelea kufanya kazi. Vidakuzi vya lazima, vile vya kukumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti, kilichomo kwenye kapu au chaguo lako hilohilo la kukataa, havihitaji ridhaa na vitabaki. Matangazo pia yatakuwepo, isipokuwa hayatatokana na ulichosoma jana kwenye tovuti nyingine.

Kama hakuna kitufe cha kukataa, bonyeza "Manage options" au "Settings". Utakuta swichi. Zile za matangazo na za takwimu ziache zikiwa zimezimwa, kisha bonyeza "Save" au "Confirm choices". Hapa kuna mtego: baadhi ya tovuti huweka chini ya vitufe hivyo kitufe kingine cha kubali zote, kikubwa zaidi, na kidole kilichochoka kinaangukia hapo.

Mtego wa pili unaitwa "Legitimate interest", maslahi halali. Kampuni inadai ina sababu yake ya kutumia data zako hata kama hujaridhia, na swichi zake unazikuta zimewashwa tayari kwenye ukurasa wa pembeni. Una haki ya kupinga. Tafuta "Object to all". Binafsi naona hii ni hila tupu. Sheria ilishasema kidakuzi kisicho cha lazima kinahitaji ridhaa, na mtu aliyekataa mlangoni hapaswi kuombwa akatae tena dirishani.

Kuna wanaosema waziwazi: kubali au ulipe. Magazeti kadhaa ya Ujerumani, Ufaransa na Hispania yanakupa chaguo hilo, na Meta ililianzisha Ulaya Novemba 2023 kwa Facebook na Instagram. Aprili 2025 Tume ya Ulaya iliitoza Meta euro milioni 200 kwa mfumo huo, lakini kwa magazeti ubishi bado haujaisha. Msomaji wa Dodoma aliyetaka habari moja tu hana haja ya kulipa wala kukubali. Habari ileile iko kwenye tovuti nyingine.

Ukishakubali kwa bahati mbaya, au mtoto akishakukubalia, hujafungwa. Chini kabisa ya ukurasa wa tovuti nyingi kuna maneno madogo "Cookie settings" au "Privacy settings". Bonyeza hapo ubadilishe jibu. Njia nyingine ni kufuta vidakuzi vyote. Kwenye Chrome ya simu, gusa vitone vitatu vya juu kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha faragha na usalama, kisha kufuta data ya kuvinjari. Kwenye iPhone, ingia Mipangilio, tafuta Safari, ufute historia na data ya tovuti. Kabla hujafuta, hakikisha unakumbuka nywila zako, maana utatolewa kwenye akaunti ulizoingia kupitia kivinjari. Nimeona mtu akifuta kila kitu usiku, asubuhi akashindwa kuingia kwenye mfumo wa kuombea mkopo wa chuo wa mwanawe.

Na kuna kichekesho hapa. Jibu lako la "hapana" nalo linahifadhiwa ndani ya kidakuzi. Ukifuta vyote, tovuti inasahau kwamba ulikataa, na kisanduku kinarudi kama hakijawahi kukuona.

Kinachopunguza kazi zaidi kuliko kujibu visanduku kimoja kimoja ni kuzuia vidakuzi vya watu wa nje moja kwa moja kwenye kivinjari. Safari inavizuia yenyewe tangu 2020, na Firefox nayo ina kinga ya namna hiyo. Chrome haivizuii isipokuwa ukiiambia: Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingeviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, kisha Julai 2024 ikaacha mpango huo. Kwa hiyo mwenye Android aingie mipangilio ya Chrome, mipangilio ya tovuti, kisha vidakuzi vya wahusika wengine, azuie. Ni kazi ya dakika moja, na inamlinda mtoto hata akibonyeza kijani.

Tahadhari moja kwa wale ambao watoto wao hawafungui kivinjari kabisa, maisha yao ni michezo na video: ndani ya programu hizo ufuatiliaji hutumia zaidi namba ya matangazo ya simu yenyewe kuliko vidakuzi. Kwenye Android ingia Mipangilio, Google, kisha matangazo, ufute namba hiyo. Kwenye iPhone, programu ikiuliza kama ikufuatilie, chagua "Ask App Not to Track".

Mtoto aambiwe nini? Mdogo, asiyejua kusoma vizuri, aambiwe tu kwamba kisanduku kikitokea alete simu. Wa darasa la tano kwenda juu anaweza kufundishwa maneno mawili ya kutafuta, "Reject" na "Necessary", na wengi watafurahia kuyawinda kuliko wazazi wao. Kijana wa sekondari aelezwe mfano wa namba ya mlangoni mwa supamaketi, kisha aachwe aamue mwenyewe kwenye simu yake. Kwenye simu yako, sheria ni yako.

Na huku kwetu

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyofuata kwa karibu mfano wa Ulaya, na ndani yake data za mtoto hazipaswi kutumiwa bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko. Visanduku vya vidakuzi bado ni vichache kwenye tovuti zetu, lakini neno ridhaa limeshaanza kuwa na meno. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Mzazi ambaye shule ya mwanawe inatuma fomu ya "tunaomba ruhusa ya kutumia picha" aisome kabla ya kusaini, na kama fomu haijawahi kuja ilhali picha ziko mtandaoni, ana pa kwenda kuuliza.

Ulaya kwenyewe visanduku vimewachosha watu. Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza sheria irekebishwe ili kukataa kuwe kwa kubonyeza mara moja, tovuti isiulize tena kwa miezi 6, na baadaye mtu aweze kuweka jibu lake mara moja tu ndani ya kivinjari, tovuti zote zilisome humo. Mapendekezo hayo ni lazima yapite Bungeni na kwa nchi wanachama kabla hayajawa sheria.